Mlango wa Komandoo

Jumapili, 2 Machi

Tumehamia. Mama alikaa juu ya furushi la nguo tangu asubuhi akituelekeza kila kitu kiwekwe wapi, na sisi tukakiweka pengine. Nimempa chumba cha nyuma, maana kimetulia. Cherehani iko chumba cha mbele, kwenye mwanga. Jiko ni dogo lakini lina dirisha. Nyumba zenyewe ni za mstari, ukuta kwa ukuta na jirani, kwa hiyo mlango ni mmoja tu, wa kuingilia na wa kutokea, na madirisha yote yana nondo.

Mlango huo sasa. Mbao yake ni nzuri, kama ingeachwa. Nje umepigiliwa bati zima. Ndani kuna chuma cha kitanda kilichokazwa kwa nati toka upande hadi upande, makomeo matano yaliyopangwa kama vifungo vya koti, na mabomba mawili ya maji yaliyosimamishwa kulia na kushoto kwa fremu, toka sakafuni mpaka juu, kila moja na kipande kinene cha chuma kichwani. Mimi ni mshonaji. Nikiona kiraka juu ya kiraka najua mikono iliyokipiga ilikuwa na haraka. Mwenye nyumba aliyetuuzia, mtaa mzima unamwita Komandoo, na sikuhitaji kuuliza kwa nini.

Jioni tulikula wote, mimi, Mama, kaka yangu na wifi. Kaka ndiye aliyepokea funguo, basi akatuigizia Komandoo alivyomshika mkono na kuinua kidole kama mtu anayetangaza habari ya msiba: "Makomeo toeni mkitaka. Mabomba ya mlangoni msiyaguse. Msiyaguse, nawaomba." Wifi akavunjika mbavu. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mama akamwambia arudie, akarudia, na kidole chake kikiwa juu zaidi.

Jumanne, 4 Machi

Makomeo manne kati ya matano hayafungi. Yanagonga fremu, tundu liko juu zaidi. La chini kabisa ndilo linaloingia. Mtu anajaza mlango vyuma na hata kutoboa tundu mahali pake hajui.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeng'oa bati la nje. Misumari mingi kuliko akili. Mama Pacha, jirani wa kushoto, alitoka na watoto wake wawili kutazama. Akasema, "Shoga, leo ndiyo nauona huo mlango. Kumbe una nakshi!" Kweli una nakshi, chini ya vumbi na gundi.

Jumapili, 9 Machi

Siku mbaya. Nilitoka kupeleka sare za shule kwa mteja. Kaka akaja nami sipo. Mama akaamka kumfungulia, na hilo komeo la chini liko usawa wa magoti. Mkono wake wa kulia hauna nguvu tangu ule ugonjwa wa mwaka juzi, na akiinama bila mkongojo anayumba. Kaka akabaki dirishani akimwambia, "Acha, Mama, acha, utaanguka," na Mama hakuacha. Mimi narudi nakuta mmoja analia kwa hasira ndani, mwingine amekunja uso nje.

Tuliongea barazani. Kaka hakupayuka, na akiwa hapayuki ndipo namwogopa.

"Mdogo wangu, moto ukiwaka humu atatokea wapi?"

"Naurekebisha. Si unaona nimeanza?"

"Naona. Basi tukubaliane. Mvua zikiisha, kama Mama hawezi kuufungua mlango huu mwenyewe, kwa mkono wake, namchukua. Kwangu kuna chumba, kuna mlinzi getini, na wifi yako yupo siku nzima."

Nilimwambia sawa. Ningesema nini? Lakini nimeandika hapa ili nisijidanganye: Mama akiondoka, nitakuwa nashona na kuongea na kuta. Nimeshakaa hivyo miaka baada ya kuachika na sitaki tena.

Jumatano, 12 Machi

Mvua ya kwanza. Bati la jikoni linavuja, ndoo imewekwa.

Jumamosi, 15 Machi

Chuma cha kitanda kimetoka. Nati zilikuwa zimeshikana kwa kutu, nikazimwagia mafuta ya cherehani, nikasubiri, nikazipiga nyundo, nikazitukana. Hilo la mwisho ndilo lililofanya kazi. Nimetoa pia makomeo manne yasiyofunga. Yamebaki matundu yake kwenye fremu, moja chini ya jingine.

Mama anasema mlango sasa unafanana na mtu aliyenyolewa.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Nimeshona kola kutwa.

Jumapili, 23 Machi

Leo ni zamu ya bomba la kushoto. Hilo ndilo adui yangu mkubwa, maana mlango ukifunguka unaligonga na kuishia nusu, na Mama analazimika kupita kiubavu, mkongojo mbele, yeye nyuma, kama anayepenya uzio wa watu. Nilikata kwa msumeno wa chuma karibu na sakafu. Mwishoni msumeno ulikuwa unabanwa, chuma kinauma meno yake, nikadhani ni ubovu wa msumeno. Bomba lilipokatika liliruka pembeni kwa kishindo na kuvunja sahani mbili. Mama Pacha alipiga kelele kwake bila kujua kuna nini, akaja mbio kuuliza kama tumekufa.

Mlango ukafunguka wote, mpaka ukutani. Mama akatoka nje, akageuka, akaingia akiwa amenyooka. Akatoka tena, akaingia tena. Nikamwambia bomba la kulia nitalitoa wiki ijayo, akasema, "Fanya tu, mwanangu."

Alhamisi, 27 Machi

Mvua toka juzi bila kupumua. Mlango umekuwa mgumu. Mbao inavimba na maji, nimepiga randa ukingo wa juu.

Jumatatu, 31 Machi

Mgumu tena. Randa tena. Kuna mstari umejitokeza kwenye plasta juu ya mlango, mwembamba kama uzi. Rangi kuukuu hii, nitapaka mpya mvua zikitulia.

Jumatano, 2 Aprili

Randa. Nimechoka na huu mlango. Nikiupunguza zaidi utakuwa dirisha.

Jumamosi, 5 Aprili

Naandika nikiwa kwa Mama Pacha, kwenye meza yake, kati ya vitabu vya pacha. Niandike tu, nisipoandika sitalala.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Nilimwacha Mama na chai yake, nikavuta mlango nyuma yangu, ukaingia kwa shida, nikaenda kununua uzi na zipu. Sikukaa. Narudi, nasukuma, mlango haukusogea. Nikaweka bega. Kama ninasukuma ukuta. Ndani Mama akauliza, "Ni wewe?" Nikasema ni mimi, toa komeo. Akasema, "Sijaweka komeo."

Nikainua macho. Ule mstari wa plasta haukuwa uzi tena. Ulikuwa ufa wa kuingiza kidole, umepanda juu ukakunja kushoto, na fremu imekaa upande kama kofia ya mlevi. Vumbi lilikuwa linadondoka taratibu, punje moja moja, begani kwangu.

Nilifanya nini? Nilirudi nyuma nikauvamia mlango. Mara mbili. Mara ya pili kipande cha plasta kikaanguka miguuni pangu, na Mama akaita jina la baba yangu, ambaye amekufa siku nyingi. Hapo ndipo nilipoacha.

Mama Pacha akampigia simu mwashi anayejenga nyumba ya kona, nami nikampigia kaka. Mwashi alifika kwanza. Ni mtu mfupi, mpole, anatafuna kijiti. Akatazama juu kwa muda, akaniambia nisimame mbali, akatazama tena kupitia dirishani.

"Mlango asiuguse mtu," akasema. "Linta imepasuka."

Linta ndiyo ile boriti ya zege inayobeba ukuta juu ya mlango. Yetu ilikuwa imevunjika katikati, na ukuta wote wa juu ulikuwa umeketi kwenye fremu.

"Fremu ndiyo imebeba sasa. Mkiuvunja mlango, ukuta unashuka."

"Na Mama?"

"Akae chumba cha nyuma. Huko hakuna shida."

Lakini Mama alikuwa mbele, kwenye kiti karibu na cherehani, na hakutaka kwenda nyuma. Nikamsihi dirishani, nimeshika nondo kama mfungwa, ingawa mfungwa alikuwa yeye. "Mama, nenda nyuma, tafadhali." Akasema, "Huko nyuma nitajuaje mnafanya nini?" Mwishowe alisogeza kiti mpaka mlango wa chumba chake, akakaa hapo, mkongojo magotini, akitutazama. Mvua ikaanza tena.

Kaka akafika na gari, hajafunga hata kifungo cha shati. Sikumpa salamu. Mwashi akamweleza. Kaka akachungulia dirishani, akaona kisiki cha bomba sakafuni, na lile la kulia bado limesimama peke yake chini ya linta.

"Umekata bomba?" akaniuliza.

Mwashi akatoa kijiti mdomoni. "Lilikuwepo la upande huu pia? Basi hayo ndiyo yaliyokuwa yamebeba nyumba. Aliyeyaweka hakuwaambia?"

Kaka alinitazama nami nikamtazama. Nilikiona tena kidole chake kikipanda juu mezani jioni ile, nikamsikia wifi akicheka, nikajisikia mimi. Alituambia. Komandoo alituambia kwa kutuomba, na kaka akanifikishia neno kwa neno, na mimi nikalisikia lote. Sisi ni watu wa kugeuza kila kitu kichekesho, tangu utotoni. Nilitamani ardhi inimeze.

Kazi ilichukua mpaka alasiri. Mwashi na wenzake walipitisha mbao nene dirishani baada ya kukata nondo mbili, mmoja wao mwembamba akajipenyeza ndani. Jeki ya gari ya kaka ikawekwa juu ya mbao, nguzo juu ya jeki, kile chuma cha kitanda cha Komandoo juu ya nguzo. Wakainua kidogo kidogo. Nje nao wakaegemeza miti. Mama alikuwa akimwelekeza yule mwembamba ndani: "Kushoto kidogo, mwanangu. Hapo." Nusura nicheke.

Mlango ulipoachia, ulifunguka wenyewe, polepole, bila mtu kuugusa. Kaka akaingia akambeba Mama mikononi kama mtoto. Mama alikuwa baridi kama maji ya mtungi. Alinigusa shavu alipopita, akasema, "Usilie, hujaniua."

Kaka amemchukua. Sikubisha hata neno moja.

Jumapili, 6 Aprili

Kaka alipiga simu. Hakunilaumu, hata mara moja. Akasema, "Ningemwelewa yule mzee ningekwambia vizuri." Nikasema, "Ulinambia vizuri." Akakata. Ingekuwa nafuu kama angenigombeza.

Ijumaa, 11 Aprili

Mwashi amevunja linta. Ndani yake kulikuwa na nondo moja, nyembamba, imeliwa na kutu. Mlango umeegemezwa chumba cha nyuma na mlangoni nimeninginiza turubai. Nashona nikiwa nasikia barabara yote.

Jumapili, 13 Aprili

Linta mpya imemwagwa zege. Inabidi ikae chini ya miti mpaka ikomae. Mvua haina haraka, na zege halina haraka, mimi tu ndiye nina haraka.

Ijumaa, 18 Aprili

Niliongea na Mama kwa simu. Anasema amepewa mto mzuri. Anasema wifi anampikia vizuri. Nikamuuliza kama amezoea, akasema, "Nimezoea." Sikulipenda hilo neno.

Jumamosi, 26 Aprili

Leo nilikuwa naziba matundu ya makomeo kwenye fremu, kwa unga wa mbao na gundi. Nilikuwa nimefika la tatu nikasimama. Nikachukua utepe wangu wa kupimia. Nikayalinganisha na alama za makomeo kwenye mlango: kila tundu limepita juu ya komeo lake, limezidi la chini yake kwa upana wa kidole, na ni jeusi kuliko hilo la chini. Fremu haikushuka sawasawa: upande wa bawaba ulikuwa unazama, mlango mzima unazama nao, komeo linakosa tundu lake. Ukifika msimu wa mvua, yule bwana anakuta mlango haufungi, anatoboa chini zaidi na kuweka komeo jingine. Ni kama mimi ninavyompanulia mteja kiuno cha suruali kila mwaka akinenepa. Kisha akaelewa kinachozama ni nini, akaweka mabomba. Baada ya mabomba hakuna komeo jipya.

Hakuwa mwoga wa wezi. Hilo la ukomandoo tumelitia sisi na mtaa.

Nikampigia. Sauti yake ni ya mtu mstaarabu. Nikajitambulisha, nikamweleza yote, na Mama, na turubai.

"Nilimwambia kaka yako," akasema.

"Alituambia, mzee. Tulicheka."

Kisha akasema, "Hata mke wangu alikuwa ananicheka. Mama hajambo?"

Nikasema hajambo. Akaniuliza chuma cha kitanda kama bado ninacho, maana kitanda chenyewe bado wanakilalia kikiwa na matofali upande mmoja. Nitampelekea Jumatatu.

Jumapili, 4 Mei

Miti imetolewa. Linta imesimama peke yake. Mwashi alipiga ngumi ukutani, akasema, "Hii sasa hata tembo apande." Seremala ameurudisha mlango, bawaba mpya, unafunguka kwa kidole.

Komeo nimeweka moja. Liko usawa wa kiwiko cha Mama, nimempima kwa kumbukumbu ya gauni lake la mwisho. Nimelishonea mkanda wa ngozi, kitanzi kipana, ili apitishe mkono mpaka kifundo na kuvuta kwa uzito wa mkono mzima, bila kukamata. Nimejaribu na mkono wangu wa kulia ukiwa umelegezwa. Linakwenda.

Jumanne, 13 Mei

Jua. Nguo zote zimekauka kwa siku moja. Kaka anasema watakuja Jumapili "kutembea". Hilo "kutembea" limeniweka roho juu tangu asubuhi.

Jumapili, 18 Mei

Walikuja mchana. Mama amenenepa. Begi lake lilibaki kwenye gari, nililitafuta kwa macho hata kabla sijamkumbatia.

Nilimwonyesha komeo. Akaingiza mkono kwenye kitanzi, akavuta, likatoka. Akarudisha, likaingia. Tukamwacha akizunguka ndani, mimi na kaka tukatoka barazani, na hapo tukaanza. Nilimwambia tulikubaliana, mvua zimeisha na mlango anaufungua. Akasema mlango sawa, lakini kule amezoea, ana mto wake, analala vizuri, na baada ya yale yaliyotokea mimi ningekuwa wa mwisho kusema. Nikamwambia hilo ameliweka akiba toka mwezi uliopita. Akasema ndiyo, ameliweka. Sauti zilipanda. Mama Pacha alitoa kichwa akakirudisha.

Nyuma yetu mlango ukafungwa. Tukasikia komeo likiingia.

"Mama?" kaka akaita.

"Nani?"

"Ni sisi."

"Sisi nani?"

"Wanao, Mama. Tufungulie."

"Mnanigombania nini hapo nje?"

Kaka akaanza kueleza habari ya chumba na mlinzi. Mama akamkatisha. "Hayo nimeyasikia toka mwezi wa tatu. Na ya huyu nimeyasikia. Mmoja ananibeba kunipeleka, mwingine anatengeneza mlango ili nisipelekwe. Kuna mtu aliyeniuliza?"

Nilirudi nyuma kichwani, siku hadi siku, nikitafuta nilipomuuliza. Nilimpa chumba, nikamwekea komeo, nikampima kiwiko. Sikumuuliza hata siku moja. Nilikuwa najua anataka ninachotaka mimi.

"Mama," nikasema, na sauti haikutoka vizuri, "unataka kukaa wapi?"

"Ngojeni nifikirie."

Tukangoja. Kaka akakaa kwenye ngazi, nami nikakaa pembeni yake. Haikuwa muda mfupi. Tulimsikia akitembea, mkongojo wake chumba cha nyuma, kisha jikoni, kisha kimya. Kaka aliinama akacheka peke yake, kicheko cha mtu aliyechoka, na bega lake likagusa langu.

Komeo likatoka. Mama akasimama mlangoni, mlango wote wazi.

"Nakaa hapa," akasema. "Lakini si huko nyuma mliponiweka kama gunia. Nataka chumba cha mbele, nione watu wakipita, na akibisha mtu nifungue mimi. Kwako nitakuja kulala mara mojamoja, mwanangu. Ule mto nipe."

Kaka akaenda kwenye gari kuleta begi.

Jumatatu, 19 Mei

Nimehamishia cherehani chumba cha nyuma. Mwanga ni kidogo, nimewasha taa tangu asubuhi. Wateja wawili wamekuja, na wote wawili Mama ndiye aliyewafungulia, akawakalisha, akaongea nao mpaka wakasahau walichokuja kushonewa.